Salamu kutoka Kisiwani

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemezwa kwenye ukuta wa duka la simu la Antena, ukitazamana na kibanda cha Kinyozi ng'ambo ya barabara. Kila mtu hapo ana mahali pake, na pa Kinyozi ni mwisho kabisa, apate kuona mlango wake na kumuwahi mteja akitokea. Tangu alipoipeleka familia likizo kisiwani, hakuna aliyethubutu kupakalia. Asubuhi hiyo alirudi akapakalia mwenyewe, kavaa shati la maua alilolinunua huko huko, maana mabegi yalikuwa hayajafunguliwa. Juzi yake walishuka, yeye, mkewe na watoto watatu, ngozi zimebabuka kwa jua, wakakuta mama yake ameshazikwa. Mama mzazi, jamani, na yeye ndiye mtoto wake wa pekee. Chungu, muuza kahawa, alimjazia kikombe bila kumuuliza, akakijaza mpaka kahawa ikamwagika chini.

— Pole sana, ndugu yetu, alisema Antena.

— Nimeshapoa, alijibu Kinyozi, na hakuwa amepoa hata chembe.

— Kazi ya Mungu haina makosa, alisema Makisio.

Huyu Makisio ni mwashi. Hapimi kitu, hukisia tu, ndiyo maana ukuta wa choo chake umelalia upande wa jirani. Lakini kwa kusema, mbele yake huoni ndani.

Kinyozi alitoa simu mfukoni akaishika kwa mikono miwili.

— Sikuja kulaumu mtu. Nina jambo moja tu, mnisaidie. Mjomba ananiambia mama alifariki Jumanne, mkamzika Jumatano. Sawa. Jumatatu mimi nilituma picha hii.

Aliwaonyesha. Watoto watatu wako majini, maji yamewafika magotini, na yule mdogo amegeukia huku akipunga mkono, mdomo wazi. Hapo alikuwa akipiga kelele: «Bibi, njoo na wewe!» Simu ya mama ilikuwa ile ndogo ya tochi, haipokei picha, kwa hiyo picha zote zilikuja kwenye simu ya Chungu, naye mama alikuwa akija kuzitazamia hapo hapo benchini.

— Jibu lilinifikia Alhamisi, aliendelea. Sikilizeni. «Bibi amecheka sana. Anasema mdogo avae kofia, jua la huko si la mchezo.» Haya ni maneno ya mama. Haya hakuna mtu mwingine wa kuyasema. Sasa niambieni. Mama aliiona picha hii, jibu likachelewa njiani? Au hakuiona?

Hicho tu ndicho alichokuwa anakitaka duniani. Kumzika, keshakosa. Udongo alitupiwa na wengine. Kama angalau aliwaona wajukuu wake baharini akacheka, basi Kinyozi angepata usingizi.

Chungu aliinamia birika. Antena akaruka haraka, kama mtu aliyekuwa akingoja zamu yake.

— Lilichelewa! Mimi ndiyo kazi yangu, niulize mimi. Pale katikati hakuna mnara, ni maji matupu. Ujumbe ukifika ufukweni unasimama. Unangoja hewa itulie ndipo uvuke.

— Siku tatu?

— Haraka haraka haina baraka.

— Hewa wapi! alidakia Makisio. Kuna waya, bwana, umepita chini ya bahari. Nimesikia samaki wanautafuna. Wakitafuna, maneno yanakatika, yanapita nusu nusu mpaka yatimie. Haba na haba hujaza kibaba.

— Samaki gani wa kula waya?

— Wewe huwajui. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Waya hauelei, Makisio! Umesema umezama.

— Ndicho ninachosema mimi! Ungeelea, tungeuona, tusingebishana.

Siku nyingine Kinyozi angecheka mpaka machozi. Leo aliwatazama mmoja mmoja, na moyo wake ulitaka kuwaamini, masikini, ukamshika Antena mkono, ukamshika na Makisio, kila uongo akauona una kaukweli ndani yake.

— Tena kisiwani, Makisio alizidi kukoleza, saa zao si zetu. Mchana mmoja wa kule ni kama siku mbili na ushee za huku. Ndiyo maana watu wakienda likizo wanasema zimekwisha upesi. Kwa hiyo Alhamisi yako wewe ilikuwa bado Jumatatu yetu sisi.

— Si kweli, alisema Kinyozi, lakini kwa sauti ya kuomba aambiwe ni kweli.

— Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, alimalizia Makisio, na hakuna aliyejua methali hiyo imeingiaje.

Wakati huo kulikuwa na mgeni amesimama kando, ndevu zimemjaa mpaka shingoni. Alikuja kunyolewa, akakuta kibanda kimefungwa, akaelekezwa benchini. Alikuwa amepewa kahawa yake, akanywa kimya, akasikiliza yote hayo toka mwanzo.

— Samahanini, wakubwa, alisema. Simu iliyoandika hilo jibu ni ya nani?

Antena alianza kusema juu ya mawimbi, akaacha. Makisio alitazama viatu vyake. Wote walijua ni ya nani, na Kinyozi naye alijua, ila mpaka hapo hakutaka kulifikiria. Alimgeukia Chungu.

— Mzee wangu. Ni wewe?

Chungu aliweka birika chini. Ni mtu mzima, amemuuzia kahawa Kinyozi tangu alipokuwa hajaota ndevu.

— Ni mimi, mwanangu.

— Aliiona?

— Hakuiona. Picha iliponifikia nilikimbia nayo mpaka kitandani kwake. Alikuwa ameshafumba macho. Nilimwekea hapa mbele, nikamwita. Bi Mkubwa, watoto hawa, watazame. Hakufumbua tena.

Kinyozi alisimama, kikombe kikamponyoka.

— Na ukaniandikia amecheka? Yuko kaburini, unaniandikia amecheka? Mimi natembea ufukweni namsomea kila mtu! Nimempeleka yule mtoto kumnunulia kofia, Mzee! Kwa ajili ya maneno ya mama yangu!

— Maneno ni yake. Wallahi ni yake. Jumapili aliniita, kifua kimembana, akanipangia. Picha ikija wanakula, nijibu washibe. Ikija wako majini, mdogo avae kofia. Mkisema mnarudi, nijibu mje taratibu. Alituapisha sote wa hapa, na mjomba wako pia. Simu isipigwe. Alisema watoto wamekuwa wakiililia bahari tangu wajue kusema, baba yao amewapeleka, asije mtu akawatoa majini kwa ajili ya kikongwe.

— Mama yangu si kikongwe!

— Ndivyo alivyosema mwenyewe.

— Na nyinyi mkamsikiliza! Mtu mzima anakufa, mimi ndiye mwanawe, nyinyi mnakaa hapa mnakunywa kahawa mnanificha!

Sasa alikuwa analia waziwazi, katikati ya barabara ya watu, na shati lake la maua. Antena alitaka kumshika bega, akamsukuma. Mkewe alitokea mlangoni kwao, nyuma ya kibanda, akasimama hapo hapo kwa kusikia sauti. Mgeni alijutia swali lake, ikaonekana usoni.

— Hakusema tukufiche kila kitu, alisema Chungu. Majibu aliniachia manne.

— Nimepata matatu.

— La nne sikulituma.

— Kwa nini?

Chungu alijifuta uso kwa kitambaa cha kufutia vikombe.

— Alisema hivi: «Akiniulizia hali, usimdanganye. Mwambie naumwa, aje.» Nililala na simu mkononi, mwanangu. Kila ikilia naruka. Niliomba uulize. Ungeandika tu «mama hajambo?», siku ileile ningekwambia.

Kinyozi aliifungua simu. Alianza kupandisha juu kwa kidole, hana haraka, kwa sababu alikuwa ameshajua. Watoto na kaa mkubwa. Watoto wamefunikwa mchanga mpaka shingoni. Mkewe amesinzia kivulini. Yeye mwenyewe na miwani ya kuazima. Chini ya kila picha alikuwa ameandika: Mwonyeshe Bibi. Mwonyeshe Bibi. Aliipandisha mpaka siku ya kwanza ya safari, akaishusha tena mpaka mwisho, na neno «hajambo» hakulikuta popote.

— Nilidhani... alisema. Mtu unamtumia picha, nilidhani ndiyo kumjulia hali.

Makisio aliinama, akakiokota kile kikombe kilichoanguka.

— Yeye alikuwa anauliza? alisema Kinyozi. Alikuwa anauliza kama nimemuulizia?

— Kila picha ikiingia. Aliuliza hilo kwanza, ndipo aitazame.

— Na wewe ukimjibu nini?

— Nilikuwa namwambia watoto hawakupi nafasi.

— Naye?

— Anasema, basi, waache wacheze.