Namba za Kiganjani

Mama yetu, aliyefahamika wodini kama Sista Kiganja, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa nne wa fundi cherehani. Alimaliza sekondari mwaka 1979, akahitimu uuguzi mwaka 1983 na kupangiwa wodi ya upasuaji ya wanaume. Hakuhama tena.

Mwaka 1986 aliolewa na baba, seremala aliyekuja kushonwa kidole. Baba alirudi kutolewa nyuzi mara tatu, na nyuzi zenyewe zilikuwa mbili tu.

Mwaka 2017 kompyuta ziliingia. Wodi ya vitanda thelathini na viwili ilipewa moja, mwisho wa korido. Mama alipima presha na joto, akaandika namba kiganjani ili akaziingize. Lakini kabla ya kugusa mashine alinawa mikono, kama alivyozoea kila amalizapo kushika wagonjwa, na namba zote zikaenda na maji. Akaanza upya kitanda cha kwanza.

"Sista, si umenipima sasa hivi?"

"Nahakikisha hujatoroka."

Aliyeletwa kuwafundisha manesi mfumo ule wa kompyuta ni mimi, bintiye mkubwa, ninayewasomea wasifu huu. Nilimwambia mbele ya wenzake, "Mama, jamani, hata mtoto wa chekechea anaweza!" Walicheka, naye akacheka. Mwezi uliofuata aliandika barua ya kustaafu, miaka minne kabla ya wakati wake. Nyumbani alisema miguu imechoka. Niliamini kwa sababu ilinifaa kuamini.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Julai 2024 alilazwa. Nesi kijana alimpima presha, macho yakiwa kwenye skrini.

"Mwanangu, niangalie mimi kwanza," mama akamwambia. "Hiyo haiumwi." Kisha akanigeukia. "Huyu umemfundisha wewe?"

Nilipanga kumwomba radhi akiruhusiwa, tukiwa wawili tu nyumbani.

Hakuruhusiwa. Jumanne, tarehe 6 Agosti, mfumo uligoma asubuhi na mapema. Nesi alitafuta karatasi, akakosa. Nikamwambia anitajie presha ya mama, nikaiandika kiganjani mwangu. Saa nne mama akafariki. Namba zile sikuziosha hadi kesho yake.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume na wajukuu watano.

Mama, nilikukosea mbele za watu, na mbele za watu naomba unisamehe. Pumzika kwa amani.