Mishale Katika Daftari Langu

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Yesu, lililonitoa mikononi mwa askari. Nimepewa dakika tano; mnanijua, nitajitahidi zisifike hamsini.

Nimekulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Baada ya mauaji ya kimbari familia yetu ilirudi hapa Kamembe, lakini mimi niliendelea kuvuka daraja la mpakani kila siku kwenda chuo kikuu kule. Nilikuwa mwaka wa mwisho, nasoma sarufi zalishi. Msiogope! Unachukua sentensi, unaichora kama mti uliopinduliwa, kila neno na tawi lake, halafu mishale inaonyesha neno lilikotoka. Nilipenda somo lile kuliko wali wa harusi.

Vita vikaanza ng'ambo. Mchana mmoja pale darajani, askari akafungua daftari langu.

"Papa, hii ni mupango ya nani?"

"Ni masomo, chef," nikasema, ndiyo 'mkubwa' kwa lugha yao. "Ni sentensi tu."

"Sentensi inakuwaka na mishale? Basoda banatoka huku, banaenda huku. Unaona mimi ni mutoto?"

Kwake ile ilikuwa ramani ya mwendo wa basoda, yaani askari. Nikakalishwa juani. Jasho lililonitoka lingejaza ziwa Kivu upya. Niliomba hata kwa maneno nisiyoyajua. Ndipo akaja mkubwa wao, mwanamume mwembamba, mpole wa sauti.

"Kama ni sentensi, chora yangu."

"Sema, chef."

Akafikiri kidogo. "Maman yangu iko wapi?"

Nikachora. Akautazama ule mti kwa muda mrefu, akachana karatasi, akaitia mfukoni mwa shati. Daftari akanirudishia.

"Rudia kwenu. Nikikuona hapa tena, sitauliza kitu."

Nilitoka hai, ndugu zangu, na namshukuru Mungu. Lakini masomo yalibaki ng'ambo. Miaka miwili, kila alasiri, saa ya kipindi chetu, nilipanda kilimani kutazama mabati ya Bukavu. Nilichora miti ya nyimbo za kwaya, ya matangazo ya kanisa, hata ya matusi ya jirani. Lakini nani angenisahihisha? Mke wangu alisema, "Papa Neema, ungeniangalia mimi vile unaangalia Bukavu, ningekuwa nimenenepa." Tukacheka, kisha nikarudi kilimani. Ombi langu lilikuwa lile lile: Bwana, nivushe.

Kisha yakafunguliwa hapa Kamembe masomo ya jioni ya chuo kikuu kwa sisi wenye kazi. Nilikwenda kwa kusukumwa na mke wangu. Nimekaa mbele, mlango ukafunguka, akaingia profesa wangu mzee wa Bukavu, viatu vimejaa tope. Alikuwa amevuka kwa miguu. Akanitazama juu ya miwani.

"Wewe. Tulifika wapi?"

Nililia mpaka chaki zikalowa. Miaka miwili naomba nivuke mimi, kumbe Mungu alikuwa anamtayarishia mwalimu safari! Nimemaliza, ndugu zangu, shahada ninayo. Yule mkubwa wa askari sijui kama alipata jibu lake. Bado namwombea, nanyi mnisaidie.

Na wewe uliyeketi hapa leo, macho yako yako ng'ambo, unamtamani mtu au kitu ambacho huwezi kukifikia: usimchoree Mungu njia. Mwambie tu unachokililia, halafu uache mlango wazi. Anaweza kukileta kwa miguu.