Maman Eulalie na Wale Wanaoona Rangi ya Sauti

Baada ya miaka ishirini na minne katika ofisi yetu ya saikolojia, hapa chuo cha walimu Bukavu, Citoyenne Nsimire M'Mushagalusa anastaafu tarehe 31 Julai 1987. Karatasi za serikali zinamwita hivyo, Citoyenne, yaani mwananchi. Sisi, pamoja na nusu ya mji, tunamwita Maman Eulalie.

Alianza kwa kuwapima wanafunzi kumbukumbu. Baadaye swali moja likamshika, halikumwachia tena: kwa nini ndoto, picha na hisia zilizojificha ndani ya mtu huingia kwa urahisi katika fikira za huyu, na kwa yule hazipiti kabisa? Akatunga maswali ya kupima tofauti hiyo. Kwake kila mtu alikuwa na mahali pake katika kipimo, mzima kwa mgonjwa.

Siku moja, katika kijiji cha Mumosho, aliwauliza wamama kama wao husikia sauti pasipo kumwona mtu. Wote wakajibu ndiyo, tena kwa furaha. Walikuwa wanasema juu ya redio ya jirani! Alicheka njia nzima ya kurudi, kisha akaandika maswali upya. Alipojipima mwenyewe, alitoka wa mwisho: haoti kitu. Mume wake, Papa Grégoire, ndiye anayemsimulia ndoto kila asubuhi.

Lakini hatutasahau mwaka 1978. Marcellin, mwanafunzi kutoka Kalehe, alimwambia mwalimu wa kwaya kwamba kila sauti anaiona na rangi yake. Wengine wakasema amerogwa, wengine kichwa kimeharibika. Baraza la walimu likataka arudishwe nyumbani. Maman Eulalie akaomba wangoje kwanza. Akapima darasa lote, halafu akawapima na walimu.

Baraza lilipokutana tena, alieleza kwamba Marcellin yuko juu sana katika kipimo, lakini hayuko peke yake. Hata chumbani humo alikuwa na mwenzake. Hakutaja jina. Ndipo Papa Pascal, mwalimu wetu mkali wa hesabu, akasimama polepole.

"Iko mimi," akasema. "Tangu niko mutoto, saba iko ya kijani. Sijaambiaka muntu hata moja."

Mmoja akauliza, na nane je?

"Nane iko nyekundu. Siipendake."

Kicheko kikajaa chumba, na habari ya kumfukuza mtu ikaishia hapo. Marcellin alikuwa anangoja nje. Maman Eulalie akatoka, akamweleza.

"Maman, basi siko mugonjwa?"

"Hapana, mwana wangu. Ingia ku darasa, umechelewa."

Leo Marcellin anafundisha muziki Kalehe, na kwaya yake ndiyo itakayotuimbia katika sherehe hii.

Maman Eulalie, aksanti kwa kuwasikiliza watu kabla ya kuwapa jina la ugonjwa. Nenda salama, upate afya na siku nyingi za raha pamoja na Papa Grégoire. Na ukipita mjini, ingia. Mlango wetu ni wako.