Usikate, Mwanangu: Tunamkumbuka Mwalimu Specioza Kokulinda

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, Kiseke, Buhongwa, Buzuruga na ng'ambo ya ziwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Mwalimu Specioza Kokulinda, mwalimu wa hesabu, aliyetutoka mwezi Mei. Na kwanza tunaomba radhi. Tangazo la kifo chake tuliletewa saa moja asubuhi, tukalisoma saa sita mchana. Baadhi yenu mlitulaumu. Hebu sikilizeni kilichotokea.

Mwalimu Specioza alizaliwa Kagera. Akiwa kidato cha sita, kwenye mtihani wa taifa, alikuta swali fupi: namba e kwa kipeo x, kasi ya badiliko lake ni ipi? Akaandika e kwa kipeo x. Akatazama. Jibu na swali, kitu kimoja! Akaona haya, kama mtu aliyenakili swali. Akakata. Akashusha kipeo mbele, akapunguza moja juu, kama inavyofanywa kwa x ya mraba. Akakosa.

"Nilikata jibu la kweli kwa mkono wangu mwenyewe," alizoea kusema. Alicheka akisema hivyo, lakini lilimuuma mpaka mwisho.

Miaka ishirini na sita alifundisha hapa Mwanza. Wanafunzi aliwapeleka ufukweni, na kamba na vijiti vinne, wakapime magugu maji.

"Mnaona? Yakiwa machache, yanaongezeka kidogo. Yakiwa mengi, yanaongezeka sana. Kasi yake inafuata wingi wake. Sasa hii e, kasi na wingi ni kitu kilekile. Jibu likifanana na swali, usikate!"

Aliyekata aliitwa mbele ya darasa. "Haya, liombe radhi jibu lako." Na kweli aliliomba, darasa zima likicheka.

Mgumu kuliko wote alikuwa Queen, binti yake wa pekee. Kila jaribio, Queen alikata. "Mama, nipewe alama na sijafanya kitu?"

Mwaka jana figo za mwalimu zikaanza kugoma. Queen akirudi likizo, mama alimfundisha akiwa kitandani, swali lilelile. Mumewe, Mzee Mutayoba, anakumbuka: "Aliniambia, Baba Queen, nikiondoka mtoto akiwa kwenye mtihani, msimwambie mpaka aweke kalamu chini."

Aliondoka alfajiri, siku ya karatasi ya hesabu, Queen akiwa kwenye mtihani wa kidato cha sita. Nasema tena: siku ileile ya hesabu. Queen alikuwa bwenini, na bweni lile huamka na redio hii. Saa moja Mzee Mutayoba akaingia hapa kwetu, vifungo vya shati vimepishana, karatasi mkononi.

"Tangazo hili hapa," alisema. "Naomba msilisome kwanza."

Tukaelewana iwe saa sita. Kule nyumbani Kiseke ndugu walimeza vilio, turubai la msiba likabaki limekunjwa. Yeye akaenda kusimama kwenye geti la shule.

Saa tano Queen akatoka mbio. "Shikamoo baba! Lile swali lilikuja! Nilitaka kukata, baba, jibu nikaliacha. Twende nikamwambie mama!"

"Nilikuwa nimepanga maneno," anasema Mzee Mutayoba. "Nikaishia kumshika mkono."

Queen akatazama shati la baba yake. Akatazama vile vifungo. Akasema polepole, "Baba, mama asingekuacha utoke hivi." Akaketi chini palepale getini, na baba yake akaketi naye.

Mwalimu Specioza amezikwa Kagera, kibanjani, kwenye shamba la migomba la ukweni kwake. Mzee Mutayoba, pole sana. Queen, pole mwanetu. Sisi tuliokaa na tangazo lile kwa saa tano nzima tulilia nalo. Mungu ampumzishe mwalimu wetu.

Nawe msikilizaji, kuna jambo la kweli umelitilia shaka kwa sababu limekujia kirahisi? Liache kwanza. Litazame tena kesho.

Matokeo ya kidato cha sita bado hayajatoka. Mzee Mutayoba anasema yapo maswali mengi yanayompa wasiwasi. Lile moja, hapana.