Mzee Saa na Ukurasa Aliousaini Mapema

Ndugu waombolezaji, kabla hatujampumzisha baba yetu, familia inaomba mtusikilize kidogo.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Saa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akaanza shule ya msingi mwaka 1959, akamaliza chuo cha utawala mwaka 1973, na mwaka huohuo akaajiriwa serikalini kuwa mkaguzi wa huduma. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa kuwa badala ya kunywa chai na wakuu wa ofisi alikaa benchini na wananchi, akipima kwa saa yake mtu anangoja muda gani. Tarehe 2 Septemba 1978 alimwoa mama yetu, aliyempata kwenye foleni mojawapo, wakajaliwa watoto wanne, na hakuna hata mmoja aliyetafutiwa kazi na baba, jambo tulilomnunia sana.

Mwaka 2009 alikamilisha ripoti ya ofisi thelathini na moja, akionyesha kwamba kati ya ofisi mbili zenye watumishi na vifaa sawa, moja hutoa hati kwa asubuhi moja na nyingine kwa miezi mitatu, kwa sababu kule mkuu alichaguliwa kwa ujuzi akaachwa afanye kazi, na huku wakuu walibadilishwa kila mwaka, wote ndugu na marafiki wa wakubwa. Kwa kuwa alikuwa karibu kusafiri, alifuata desturi ya idara, akasaini ukurasa wa mwisho mapema, akamwachia msaidizi wake, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemfundisha kazi miaka tisa, achapishe kurasa nyingine. Ripoti iliyotoka ilisema huduma zinaridhisha kote, na saini ilikuwa ya baba. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Jirani yetu, aliyeisotea hati ya kiwanja miezi hiyo mitatu, alimletea gazeti lenye habari ya ripoti hiyo, akamuuliza, "Hata wewe, Mzee Saa?" na hakumsalimia tena. Baba aliandika barua saba za kukanusha, hakujibiwa hata moja, na jambo hilo lilimuuma, nasi linatuuma mpaka leo.

Alistaafu mwaka 2011, akapatwa na kiharusi tarehe 20 Novemba 2022, akafariki hospitalini tarehe 9 Juni 2023, saa tatu asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotubeba, na wafanyakazi wenzake, akiwemo msaidizi wake huyo, ambaye leo ni mkurugenzi, na ambaye shada lake ndilo kubwa kuliko yote. Mheshimiwa, baba alikuachia maneno, akatuagiza tuyasome mbele ya watu: "Mwanangu, sikudai chochote. Futa tu jina langu kwenye ripoti ile."

Pumzika kwa amani, baba, ujumbe tumeufikisha.