Kinga Aliyoidharau Mzee Kofia

Mzee Kofia, Afisa Usalama wa kiwanda chetu cha mabati, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mtunza stoo, niandike wasifu wake, kwa kuwa hakuna aliyegombana naye kama mimi. Nimekubali, ila niseme mapema kwamba sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Humu yumo mzee aliyeona haya, na tumo sisi wenzake ambao tulipaswa kuona haya kabla yake.

Alianza kama kibarua wa kupakia mabati kwenye malori. Enzi hizo glavu zilikuwa za mabosi wakija kukagua, na bati jipya halina simile, linakata kama wembe. Mwenzake mmoja alipopoteza vidole viwili, yeye ndiye aliyevua shati akamfunga mkono. Kesho yake akaenda kwa meneja na kusema hagusi tena bati mpaka kila mpakiaji apate glavu. Wote tuliamini kibarua chake kimeota nyasi. Badala yake alipelekwa kozi, akarudi na cheo na kofia ngumu ya njano ambayo hakuivua tena, na jina lake la kuzaliwa likasahaulika siku hiyohiyo.

Visa vyake ni vingi. Aliwahi kumzuia Mkurugenzi mlangoni, mbele ya wageni wenye suti, kwa sababu alikuwa kichwa wazi. Mhasibu wetu alirudishwa nyumbani kwa kuvaa ndala. Kwenye harusi ya binti yake mwenyewe aliwateremsha wapambaji wote kutoka kwenye ngazi, akazishika moja baada ya nyingine kuona kama zimekaa sawa, huku bwana harusi akisubiri nje na jasho linamtoka. Mimi alikuwa akiniita mkono wa birika, eti nabana glavu kama nazila. Lakini tangu aingie ofisini mwake, hakuna mtu aliyetoka kiwandani humu ndani ya sanda, na hilo si la kubezwa.

Kila asubuhi kabla ya zamu alisimama mbele yetu na kurudia somo lilelile, mpaka wapakiaji wakawa wanamwigiza sauti. Alisema mtu havai glavu kwa sababu kidole kinauma, anavaa kwa sababu bado hakiumi. Kikiuma ndipo avae, ameshachelewa.

Sasa nafika pale ambapo mkono wangu unakuwa mzito. Mwaka jana magoti ya mzee yalianza kumsumbua. Daktari alimpa vidonge vya kutuliza maumivu na uvimbe, diklofenaki, na pamoja navyo kapsuli za omeprazoli za kulinda tumbo. Alimweleza vizuri kabisa: vidonge vya aina hiyo huchubua tumbo kwa ndani hata kama mtu hasikii kitu, na kwa umri wake hatari ni kubwa zaidi. Kapsuli ameze kila siku, nusu saa kabla ya chai, muda wote atakaokuwa akitumia vidonge. Asichanganye na dawa nyingine ya jamii hiyo. Arudi baada ya wiki mbili apimwe presha na figo, kwa sababu kapsuli inalinda tumbo tu, hailindi vyote, na hata tumbo hailindi kwa asilimia mia.

Mzee alimeza vidonge, magoti yakanyooka, akawa anapanda ngazi za winchi kama kijana. Kapsuli hakuzimeza. Tumbo lake halikuwa likiuma, hivyo akaona za nini, akampelekea shemeji yake aliyekuwa na kiungulia. Wiki mbili zikapita hakurudi kwa daktari, akawa anajinunulia vidonge dukani. Asubuhi za baridi, magoti yakikaza, aliongeza ibuprofeni kutoka mfukoni mwa Kipanga, mwendesha winchi wetu, ambaye naye ana mgongo mbovu na huzibugia kwa soda. Ndiyo, ni yuleyule mzee wa somo la glavu. Tumbo lake lilikuwa haliumi, akaliacha bila glavu.

Mwezi wa tatu mwaka huu, zamu zikibadilishana, alianguka getini. Alitapika kitu cheusi mfano wa masalia ya kahawa, na suruali yake ilikuwa imechafuka. Watu zaidi ya mia walikuwa wamesimama pale, wengi wao aliwahi kuwafokea kwa uzembe. Hospitali walisema ni kidonda tumboni kilichokuwa kikivuja damu. Kumbe kwa siku kadhaa kabla ya hapo choo chake kilikuwa cheusi kama lami, na alikuwa amenyamaza, kwa sababu mwanamume wa heshima zake hazungumzii choo.

Aliongezewa damu, akapona. Aibu haikupona. Na sisi, badala ya kumfunika mwenzetu, tukamfanya kichekesho. Kipanga alikuja stoo kwangu akaomba aproni ya ngozi, zile za wachomeleaji, akanieleza anachotaka kufanya. Nilicheka mpaka nikashika meza, nikampa. Aliiandika kwa chaki KINGA YA TUMBO, akaining'iniza kwenye mlango wa ofisi ya mzee. Ilikaa pale siku nzima na kila aliyepita alicheka.

Mzee alipokuja kuripoti aliikuta. Aliitoa mlangoni, akaifuta chaki kwa kitambaa chake mwenyewe, akaikunja, akaileta stoo na kuniwekea mezani, kwa kuwa ni kifaa cha kazi na kimetoka mahali pake. Hakuninyanyulia macho. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani, na bado sikufungua mdomo kumwomba radhi. Siku hiyohiyo aliomba likizo ya mpaka tarehe ya kustaafu, na akatuma ujumbe kwamba sherehe asiandaliwe, kwa sababu hana uso wa kuingia nao.

Kamati ikanituma nyumbani kwake. Mkewe alinikaribisha kwa ukunjufu, chai ikaja, mzee akawa anatazama dirisha. Nilijitahidi kuzungumzia zawadi, zulia jekundu, hotuba. Yeye ananijibu mhm, mhm. Nilipoishiwa maneno nikaanza kusimulia ya kazini ilimradi tu. Nikamwambia Kipanga siku hizi amepauka, akipanda winchi anahema kama mzee, na vijana wanamtania kuwa ndoa inamkausha. Mzee akageuka. Akaniuliza kama bado anabugia vile vidonge. Nikasema ndiyo, tena siku hizi kwa wingi. Akauliza choo chake kina rangi gani. Nikamwambia mzee wangu, mimi ni mtunza stoo, ya chooni mwa watu nitayajuaje. Hakucheka. Alinyanyuka akaenda chumbani, na mkewe akanisindikiza peke yake.

Asubuhi iliyofuata, zamu zikibadilishana, tulimwona getini. Amevaa shati lililopigwa pasi na anatembea kwa mkongojo. Watu waligawanyika wakampisha, wengine wakiwa wameziba midomo. Alipita palepale alipoangukia, akaenda moja kwa moja hadi chini ya winchi, akamwita Kipanga ateremke. Kisha, mbele ya wapakiaji, mbele ya akina mama wa kufungasha, mbele yangu, alieleza yote. Kapsuli alizogawa. Vidonge vya aina mbili alivyochanganya. Suruali. Choo, rangi yake na harufu yake. Sauti ilikuwa inamtetemeka na masikio yamemwiva, lakini alijikaza mpaka mwisho. Halafu akamuuliza Kipanga swali moja tu, la choo.

Kipanga alianza kwa kucheka. Kicheko kikamkatikia. Akakaa juu ya bunda la mabati, akakiri kwa sauti ndogo kwamba ni siku ya nne sasa, na kwamba alidhani ni chakula. Pia kichwa kinamzunguka akiwa juu. Mzee alimshika mkono wakaenda wote zahanati, na nesi hakusubiri hata kidogo kuita gari la wagonjwa. Huko hospitali walimwambia mke wa Kipanga kwamba damu iliyobaki mwilini isingemfikisha mwisho wa wiki, na hapo hatujahesabu kimo cha winchi ile na watu wanaofanya kazi chini yake.

Wiki ile foleni ya zahanati ilifika hadi uani. Watu walikuja na vidonge vyao mikononi, kila mtu na vyake, wakiuliza. Wako walioambiwa waache kabisa, wako walioandikiwa kapsuli ya tumbo, na shemeji mtu akaletwa naye kupimwa kiungulia chake. Ukimwambia mzee kwamba hiyo ni kazi kubwa kuliko glavu, anajibu kwamba ni kazi aliyoichelewesha, na haya bado anazo. Hatutamlazimisha azitupe. Za kwetu nazo zipo, na aproni ile sijaweza kumpa mtu yeyote hadi leo.

Amekubali kuja. Kwa hiyo, Mzee Kofia, kwa niaba ya kiwanda kizima nakuomba msamaha hapa kwenye karatasi, jambo nililoshindwa kulifanya ulipokuwa mbele ya meza yangu. Asante kwa vidole vyetu vyote tulivyo navyo. Uishi miaka mingi ya afya na amani pamoja na mkeo, magoti yakutii na tumbo likutulie. Ukiingia ukumbini usitazame chini. Safu ya mbele amekaa Kipanga, na pembeni yake mkewe mwenye mimba ya miezi saba, ambaye ameiomba kamati awe mtu wa kwanza kukupa mkono.