Sauti Isiyonyamaza

Kabla sijasema neno, naomba simu zote ziingie kwenye kikapu hiki. Zote, mashoga zangu. Na ile ya pili iliyo ndani ya buibui pia, nakuona. Wifi yangu atazunguka nacho, na mimi nitangoja, sina haraka. Mwaniona nacheka, lakini sifanyi mzaha.

Haya. Assalaam aleikum warahmatullah. Na wenzetu Wakristo, hamjambo, poleni na kazi, ahsanteni kwa kufika. Leo ni zamu yangu. Jumamosi zilizopita tumewasikia wenzetu wakieleza talaka, na ugonjwa, na mtoto aliyepotelea kwenye unga wa kulevya. Mimi langu ni la kuibiwa. Niliibiwa sauti. Watu sitawataja majina, kwa sababu nusu yao wamekaa hapa mbele yangu wakila kaimati zangu.

Wageni pengine hawanijui. Mimi ni mwalimu mstaafu, mjane, nakaa ghorofa ya pili huku huku Mji wa Kale. Nilipofiwa na mume wangu nilikaa eda, na jamani, eda ni ndefu. Kazi yangu ikawa kusoma: magazeti, vitabu, habari za kwenye simu. Kila Ijumaa alasiri nikawa nawatumia mashoga zangu ujumbe wa sauti wa kuwapa habari za juma zima. Vitabu gani vipya vimetoka, na waandishi gani wamegombana kwa ajili ya tuzo. Siasa za kaunti. Mambo mapya ya simu na mitambo. Kisha utamaduni, yaani kanga mpya, nyimbo za harusi, maonyesho. Eda ikaisha, mimi sikuisha. Ujumbe ukaenda Bondeni, ukaenda Buxton, ukafika mpaka Kizingo kwa mabibi wenye majumba. Watu wakawa wasikiliza huku wakikaanga, huku wakikunja nguo.

Tatizo langu sikujua kukata. Nikishabonyeza pale pa kurekodi naogopa kupagusa tena. Na msikiti uko dirishani kwangu. Ikiadhiniwa alasiri nami nimo katikati ya habari, nanyamaza, kama yeyote wetu alivyolelewa. Nanyamaza mpaka mwadhini amalize, kisha nasema, "Naam, tuendelee." Basi adhana nzima ikawa yaenda ndani ya ujumbe. Nilichekwa sana! Wifi yangu huyu mwenye kikapu, dada wa marehemu, anayekaa ghorofa ya chini yangu na ndiye alonifunza simu, aliniambia, "We wifi, watu wataka siasa, wewe wawapelekea mwadhini." Nikamjibu kwamba mwenye haraka asisikilize.

Sasa ndugu zangu, nawaambia jambo mnalolijua. Mimi ni mtu wa kushuku. Marehemu alikuwa akisema mke wake hunusa maziwa yangali ndani ya ng'ombe. Na ni mimi huyu huyu niliyewaambia, katika habari za teknolojia, kwamba imetoka akili bandia inayosikiliza sauti ya mtu kidogo tu, kisha ikaisemesha itakavyo. Mkanitumia vile vikaragosi vya kucheka. Mmoja wenu akasema, "Mwalimu, nani atake sauti yako na mafua yako yale?" Akatokea wa kuitaka.

Nyumba hii tuliyokaa mwaijua ni wakfu. Bibi mmoja wa zamani aliiacha ili wanawake wasomee, ndiyo maana ina makabati haya ya vitabu. Yakaja maneno kwamba kuna mtu mwenye pesa, tena mwenye kutaka kura zetu, aitaka iwe hoteli ya wageni. Mimi nikalisema wazi Ijumaa mbili mfululizo, kwamba wasimamizi wa wakfu wasikubali. Basi Alhamisi, hata siku yangu haijafika, ukatoka ujumbe. Sauti yangu. Mafua yangu. "Dada zangu, nimeketi na waheshimiwa, nimewaelewa. Nyumba ile imechoka na vitabu vimeliwa na mchwa. Tuwaachie wajenge, sisi tutapewa chumba kizuri kwengine..."

Nilisikiliza mpaka hapo tu. Nikaizima simu. Sikuisikiliza tena, sikuweza. Jaribuni nyinyi kusikia mdomo wenu wasema msilolisema.

Huku kwetu Mombasa mtu hapigwi ngumi. Mtu hukatiwa salamu. Muuza mahamri wa pale kona, mwanamke ambaye kila asubuhi huniuliza nimeamkaje, nyumbani hawajambo, mgongo waonaje, mpaka hali ya paka wangu huniuliza, asubuhi ile alisema "Waleikum salaam" akageukia karai lake. Nilisimama pale na sahani yangu kama niliyekuja kuomba. Kwenye kundi la simu nako, fulani ameondoka, fulani ameondoka. Nikatuma ujumbe wa kukana. Nani auamini, na sauti ni ile ile? Wakasema, "Yuakana na keshakula." Yaani nilipewa mlungula. Kila nilipozidi kusema, nilizidi kujifunga.

Nikaacha kurekodi. Ijumaa ikafika, nikakaa na simu mapajani, nikalia. Sikuililia nyumba, Mungu anisamehe. Nilijililia mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuiogopa hata sauti yangu nikiisikia jikoni.

Hapo ndipo nikaanza kushuku kwa dhati. Nilimshuku jirani wa mlango wa pili, kwa sababu alinipa pole mapema mno. Nilimshuku dada yetu wa Buxton, yule wa bara anayefanya kazi kwenye ofisi za reli, kwa sababu aliwahi kuniuliza hurekodia wapi. Nilimshuku imamu kwa muda wa chai moja. Kisha nikatua kwa wifi yangu, na kwa wifi yangu nilikuwa na kila sababu. Ujumbe wangu wote wa tangu eda alikuwa nao. Simu mpya alikuwa nayo. Na siku moja nachungulia dirishani, namwona ashuka kwenye gari kubwa la Kizingo, lile la vioo vyeusi, na mkoba kwapani.

Nikamwuliza ngazini, "Watoka wapi?"

"Kazini, wifi."

Kazi yake ni kupaka hina. Sasa hina gani ya Jumanne, mwenye harusi ni nani? Sikumwuliza. Nilipanda juu nikatia komeo mbili. Akigonga, najifanya nimelala. Akiniletea bakuli la supu na kuliacha mlangoni, nampa paka kwanza. Paka akanenepa, mimi nikakonda.

Mwacheka. Na yeye acheka sasa. Wakati ule hakucheka mtu.

Ikafika harusi ya mpwa wa marehemu, huko Bondeni. Harusi ya nyumbani huwezi kuikosa, kwa hivyo nikavaa, nikaenda siku ya hina. Ukumbi ulijaa, watu wamebanana mpaka mlangoni, lakini mkeka niliokalia mimi ulibaki na nafasi ya watu wanne. Wifi yangu alikuwa katikati, amemshika bi arusi mguu, kijiti cha piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, mkononi. Basi bibi mmoja, naye yumo humu, na nashukuru ameinamisha kichwa, akatoa simu akaupiga ule ujumbe kwa sauti ya juu. "Nimeketi na waheshimiwa, nimewaelewa." Wakaangua kicheko. Mimi nikatafuta viatu vyangu.

Wifi yangu hakuinua uso. Alisema tu, "Urejeshe nyuma."

"Wataka kucheka tena?"

"Urejeshe, nakwambia. Mimi ujumbe huu nimeusikia Kizingo juma zima. Kuna mabibi huko wapaka hina kwa starehe zao, hata harusi hawana, na kazi yao ni kuupiga huu na kucheka. Nikawa naupaka mkono, masikio yamo humo. Nilitaka kumweleza wifi yangu nilichokisikia. Wifi yangu hafungui mlango."

Watu wote wakanitazama. Mimi nikautazama mkeka.

Ujumbe ukaanza upya. Ukafika pale kwenye mchwa, wifi yangu akainua kijiti cha piko. "Hapo! Nyuma ya maneno, mwasikia nini?"

"Adhana," wakasema.

"Na yeye yuafanya nini?"

"Yuasema."

"Yuasema! Mwadhini yuaadhini, naye yuaendelea tu na habari za mchwa, mwanzo mpaka mwisho. Nyinyi mmemsikiliza mwanamke huyu tangu eda yake. Mmemcheka kwa kutuletea adhana nzima. Ni lini mlimsikia akisema huku adhana ikiendelea?"

Kisha yule dada wa Buxton, niliyemshuku bure, akasema polepole, "Ni kweli. Mimi hapo ndipo huinuka kutazama sufuria. Kila Ijumaa. Mwalimu akinyamaza nafunua wali, akisema tuendelee narudi kukaa. Ile ya Alhamisi sikuinuka."

Mmoja akakumbuka kwamba yeye hapo hugeuza samaki. Mwengine hapo humbadilisha mtoto nepi. Ukumbi mzima ukawa watajiana mambo wanayoyafanya nikiwa nimenyamaza, na mimi sijui kwamba kunyamaza kwangu kuna watu ndani yake. Aliyetengeneza ule ujumbe alitaka uonekane umetoka dirishani kwangu, ndiyo maana akautia kelele za mtaa na adhana yetu. Adabu yetu hakuijua. Au aliijua na hakuifikiria, sijui, bado nalichunguza hilo.

Muuza mahamri akainuka alipokuwa, akaja akakaa kwenye mkeka wangu. Akaniuliza, "Mwalimu, hujambo? Umeshindaje? Mgongo waonaje? Na paka?" Yote, hakuacha hata moja. Nikamwangukia begani nikalia kama mtoto.

Siku ya pili yake tulikwenda kwa wasimamizi wa wakfu, wanawake wa Mji wa Kale, wa Bondeni, wa Buxton. Wakakiri kwamba ule ujumbe waliletewa kama ridhaa yetu. Tukawapigia pale penye adhana. Wazee wale hawakuhitaji kuelezwa. Nyumba haikuuzwa. Kwa sasa. Ndiyo maana tumekaa humu.

Shukrani zangu ni kwa wifi yangu, na supu zake nilizompa paka. Kwa dada wa Buxton na sufuria yake. Kwa mama wa mahamri, aliyenirudishia salamu yangu mbele za watu. Hata kwa wewe uliyeupiga ule ujumbe ili nichekwe, kwani usingeupiga wewe, kosa lake lisingesikika.

Aliyefanya hajajulikana mpaka leo. Watu waniambia nimsamehe. Nikimjua nitalifikiria. Na kama yumo humu, na siapi kwamba hayumo, leo nimemfunza kosa lake bure, na mara ya pili ataninyamazisha barabara penye adhana. Kwa hivyo msitegemee kunyamaza kwangu. Mkisikia sauti yangu imesema jambo la ajabu, pandeni ngazi, gongeni, mniulize nikiwa nawatazama usoni. Kushuku siwakatazi, mimi mwenyewe sijaacha. Lakini mimi nilishuku dirishani, na mwenye kujua alikuwa nje ya mlango wangu, ameshika bakuli. Ukimshuku mtu, mfungulie umwulize.

Haya wifi, rejesha kikapu, kila mtu achukue simu yake. Habari za juma hili nazitoa hapa hapa mbele ya macho yenu, na wewe nirekodie uwapelekee waliokosa. Washa. Tayari? Naam. Tuanze na vitabu. Imetoka diwani mpya ya mashairi, jalada zuri mno, na jalada likizidi uzuri mimi huanza kushuku, basi nikaifungua ukurasa wa kwanza nikakuta...

Mwamsikia mwadhini? Amekohoa kwenye kipaza sauti, yuaanza. Nanyamaza. Wifi, usikate.